Kwa Baba Harithi Hata Mgomba

Shemeji yangu aliulizwa swali moja na daktari, akalijibu vibaya, na kama jibu lile lingeachwa lilivyo, leo ningekuwa nazungumza habari za kaburi la mwanangu. Naanza hapo kwa sababu sitaki mtu asome kurasa mbili akidhani namsimulia ujana wangu. Ujana wangu ulipita, na ulipita na njaa. Hasira ninayoiandika ni ya juzijuzi, bado ina moto.

Mwanangu ninayemsema ni binti yangu wa kwanza, mtu mzima, mama wa watoto watatu. Anaishi Matombo, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake. Analima migomba, pilipili manga, na mdalasini kidogo wa kuuza. Mama yake, mke wangu, presha ilimchukua zamani. Mimi naishi Morogoro mjini, na nina karakana ya kuchomelea mageti na madirisha. Shule niliishia darasa la tatu. Ufundi niliupata Dumila, pembeni ya barabara ya Dodoma, kwa mtu aliyenilipa ugali na matusi, na mengine yote nimejipa mwenyewe. Tembea mtaani kwetu utikise geti lolote. Lisilolia ni langu.

Kwa asiyetujua, sisi Waluguru mtoto ni wa mama. Ardhi inapita kwa mama, ukoo unapita kwa mama, na mwenye sauti juu ya mtoto ni mjomba. Tawi la ukoo kwa Kiluguru tunaliita tombo, yaani titi, ujue jambo lilivyokaa. Baba ni mtu aliyekuja. Mimi kwetu ni Mgeta, upande wa pili wa mlima. Nilipooa nilihamia Matombo kwa wakwe zangu, nikalima migomba ambayo mpaka leo si yangu. Siku nilipoondoka kwenda kutafuta maisha hakuna aliyeniuliza nimebeba nini. Walijua sina cha kubeba.

Sikuwa nikilalamika. Mila ni mila, nilizaliwa nimeikuta, na mimi pia nina mabinti wa dada zangu huko Mgeta wanaoniita mjomba na kunyamaza nikikohoa. Nililalamika siku mila ilipoingia hospitali ikakaa kwenye kiti changu.

Binti yangu aliota uvimbe kwenye titi la kushoto. Hakuniambia. Alimwambia mjomba wake, kaka wa mama yake, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo pale. Mjomba akaita wakubwa wenzake, wakubwa wakaleta majani ya mstafeli. Mtu mmoja alikuwa ametumiwa kwenye simu maneno kwamba majani ya mstafeli yanamaliza saratani kuliko dawa za hospitali, akayasambaza kijiji kizima kana kwamba ameyapima yeye. Mwanangu akanywa majani yale msimu mzima wa mvua. Mimi nilijua pale alipokuja mjini kuuza pilipili manga, nikamwona anabeba gunia kwa mkono mmoja.

"Mkono una nini?"

"Hauna kitu, baba."

"Basi nipe hilo gunia kwa mkono usio na kitu."

Hakuweza. Nikamtia garini na gunia lake, nikampeleka hospitali siku ile ile. Wakakata kipande kidogo wakakipima, ikawa saratani. Wakamkata titi. Akapelekwa Dar es Salaam kutundikiwa dripu za ile dawa kali. Nywele zikatoka, kucha zikawa nyeusi, akawa anatapika hata kwa harufu ya vitunguu vikikaangwa kwa jirani. Alivumilia. Alimaliza. Akarudi Morogoro kwa uangalizi, na hapo ndipo lilipokuja lile swali.

Palikuwa na kliniki iliyoletwa na watafiti. Kazi yao ilikuwa kutafuta wanawake ambao saratani yao huenda ni ya kurithi. Aliyeonekana hivyo alichukuliwa damu, ikapimwa bure, na majibu yake yakawasaidia madaktari kujua wafanye nini zaidi. Asiyeonekana hivyo aliambiwa arudi baadaye kwa uangalizi wa kawaida. Basi. Kipimo chenyewe dukani hukikuti, na ungekikuta ungeuza shamba. Mlango wa kuingilia ulikuwa mmoja tu: swali la daktari, kwamba kuna ndugu aliyewahi kuugua hivi?

Shemeji yangu alishuka kutoka Matombo kwa ajili ya siku hiyo, amevaa koti lake la mikutano. Gari ni langu, mafuta ni yangu, mgonjwa nimemzaa mimi. Mlangoni nesi akasema ndugu mmoja tu aingie. Shemeji akainuka hata hakunitazama. Nikabaki nje kwenye benchi na watu waliokuwa wakikohoa.

Walitoka mapema mno. Hata haja ndogo mtu huchukua muda zaidi.

"Imekuwaje?" nikauliza.

"Safi kabisa," akasema shemeji. "Tumeulizwa maswali, tumejibu. Atarudi baadaye."

Nilikuwa nawarudisha Matombo. Barabara ile inakulazimisha kuongea, maana redio haisikiki kwa makelele ya mawe chini ya gari. Tulipomaliza lami nikamuuliza ni maswali gani.

"Ya kawaida. Ameuliza kama kuna ndugu aliyeugua titi, au uvimbe wa kike tumboni."

"Ukasema?"

"Nikasema hakuna."

Nikasimamisha gari katikati ya njia. Nyuma yangu bodaboda akapiga honi, akanitukana, akapita.

"Dada zangu wawili walikufa na nini, shemeji? Mafua?"

"Dada zako ni wa kwenu Mgeta."

"Walikufa na matiti!"

"Sijakataa. Nilikuja mazikoni, nilikula wali wako. Lakini nimeulizwa habari za mgonjwa, na mgonjwa ni wa kwetu. Kwetu hakuna. Au unataka niseme uongo mbele ya daktari?"

"Mgonjwa ni mwanangu."

"Hata hilo sijakataa." Akashika mkongojo wake kwa mikono miwili, kama mwalimu. "Shemeji, wewe ni mtu mzima. Huyu kwa baba harithi hata mgomba mmoja. Atarithije ugonjwa?"

Nataka msomaji anielewe. Hakusema hivyo kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemweleza mwingine kwamba mto unashuka kwenda chini. Na ndiyo maana niliwaka zaidi, kwa sababu mtu mbaya unaweza kumpiga.

Nikamgeukia binti yangu kiti cha nyuma. Alikuwa ameegemea dirisha, kilemba kimemlegea kichwani.

"Na wewe? Ulikuwa umepoteza ulimi?"

"Baba, mjomba alikuwa anaongea."

"Alipomaliza je?"

Akafikiri. Mwanangu hana tabia ya kusema uongo hata pale ambapo uongo ungenipumzisha.

"Mimi mwenyewe niliona kajibu sawa," akasema. "Shangazi hawakunijia akilini kabisa."

Hilo ndilo lililonichoma. Shemeji nilimzoea. Lakini mwanangu mwenyewe, aliyebebwa mgongoni na shangazi zake, aliulizwa ndugu zake ni nani, na upande wangu mzima ukawa haupo, kama vile nilimwokota njiani.

Tulifika Matombo nikakataa chakula. Nikakaa barazani kwa shemeji, nikasema nilichokuja kusema, na nilikisema kwa sauti ya karakana, ambayo imezoea kushindana na mashine. Majirani wakasogea wakijifanya wanatafuta kuku.

"Kesho mnarudi kurekebisha lile jibu."

"Turudi kusema nini?" akauliza shemeji. "Kwamba ukoo huu una saratani? Hao mabinti unaowaona wanatwanga pale, nani atawaoa? Litaanza kwa daktari, litaishia sokoni."

"Sio ukoo huu. Ukoo wangu!"

"Basi kaseme ya ukoo wako kwa wagonjwa wa ukoo wako."

"Huyu akifa utasema nini?"

"Nitasema Mungu kamchukua. Wewe utasema nini? Utamchomelea msalaba?"

Nikainuka nilipokaa. Misalaba ya dada zangu wote wawili niliichomelea mwenyewe, na yeye alijua. Watu waliokuwa wakitafuta kuku wakaacha hata kujifanya. Shemeji mwenyewe akaona amevuka, akaanza kukuna goti.

Binti yangu ndiye aliyeongea.

"Baba, shangazi mkubwa alianzaje?"

Hakuwahi kuniuliza. Na mimi sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu kule Mgeta ilisemwa kwamba dada yangu alirogwa kwa ajili ya bustani ya kabichi waliyokuwa wakigombania na majirani, na habari za kurogwa hazisimuliwi watoto. Nikamwambia pale pale, mbele ya watu. Kwamba alianza na kivimbe kigumu kama mbegu ya parachichi. Kwamba alijifunga kanga mbili kifuani ili isionekane, halafu tatu kwa sababu ya harufu. Kwamba kanisani watu walianza kukaa benchi nyingine, naye akaacha kwenda. Nikamwambia na ya mdogo wake, ambaye hospitali alipelekwa, ila alipelekwa akiwa amebebwa kwenye machela ya miti.

"Huyo mdogo alikuwa na umri gani?"

"Kama wako."

Akatazama mikono yake, zile kucha zilizokuwa bado hazijarudi rangi.

"Nitashuka mjini," akasema.

"Na nani?" akauliza mjomba wake.

"Na baba."

"Mwanangu, mambo ya hospitali..."

"Mjomba, shikamoo," akasema mwanangu, na shikamoo ile ilikuwa ya kufunga mazungumzo. Akaingia ndani kufunga nguo zake.

Daktari aliyetupokea alikuwa binti mdogo kuliko wangu. Alinipa shikamoo yangu kwa heshima, akanipa kiti. Heshima haikunipoza. Nikamuuliza kwa nini aliuliza upande mmoja.

"Mzee, niliuliza pande zote mbili, wa mama na wa baba. Niliambiwa hakuna."

"Na ukaamini?"

"Ningefanyaje?"

"Ungemwita baba!"

"Sikujua kama yupo."

"Nilikuwa hapo nje kwenye benchi!"

Binti yangu akanigusa mguu kwa mguu wake. Daktari hakukasirika. Alisogeza kiti chake akanitazama, akasema sasa nipo ndani, nimwambie. Nikamwambia habari za dada zangu. Akaniuliza na mama yangu alikufa na nini. Nikasema tumbo lilivimba maji. Akaandika, na kalamu ikasimama kidogo kabla ya kuendelea.

Halafu akanieleza, nami naandika kama nilivyoelewa, aliyesoma zaidi anisahihishe.

"Mwili umejengwa kwa seli, mzee. Ni chembe ndogo hata jicho halizioni. Kila seli ina maandishi yanayoiambia ifanye kazi gani. Seli ikigawanyika kuwa mbili, maandishi yananakiliwa. Na katika kunakili makosa yanatokea kila siku, kwako, kwangu, kwa kila mtu. Ndani humo humo wapo mafundi wa kurekebisha."

"Wanalipwa na nani?"

"Na ugali unaokula." Akacheka. "Sasa maelezo ya kuwatengeneza hao mafundi yapo nakala mbili. Moja umepewa na mama yako, nyingine na baba yako."

"Sawa kwa sawa?"

"Nusu kwa nusu. Hakuna kabila linalopata zaidi ya nusu kwa mama."

Nilitamani shemeji angekuwepo. Nilitamani hata wale wa kuku wangekuwepo.

Nikamwambia hilo nalijua kwa kazi yangu. Nikiwa na madirisha mengi ya kutengeneza, nondo ya kwanza naipima kwa futi ndipo naikata, na nyingine zote zinapimwa kwa ile ya kwanza. Kijana akipima ya nne kwa ya tatu, ya tano kwa ya nne, kosa dogo linakua, na dirisha la mwisho haliingii ukutani.

"Hapo umeelewa nusu," akasema daktari, wala hakuzunguka. "Kwa wagonjwa wengi ndivyo ilivyo, kosa linatokea katikati ya kazi, halina uhusiano na wazazi. Lakini zipo familia chache ambazo ile nondo ya kwanza yenyewe ilikuwa na kasoro. Mtoto anazaliwa nayo. Nakala moja ya fundi ni mbovu tangu mwanzo. Siku nakala ya pili nayo ikiharibika kwenye seli moja tu, seli hiyo haina tena wa kuitengeneza."

"Na mwanaume anaweza kuibeba?"

"Anaibeba, anaipitisha kwa mabinti na kwa vijana wake. Yeye mwenyewe huenda asiugue kamwe. Au akaugua tezi dume, mara nyingine hata titi."

"Hayo mmeyajua lini?"

"Hilo la kupitia kwa baba si la jana, mzee."

"Basi kwa nini mlima mzima haujui? Mabango yenu ya kujipima matiti nayaona kila zahanati. Kuna mwanamke amechorwa, mweupe kama maziwa. Baba hajachorwa. Mnajua kabisa mnaishi na watu ambao baba hahesabiwi, na hamkumtuma mtu hata mmoja kupanda kule kusema: na baba pia ahesabiwe!"

Aliweka kalamu chini. Kisha akasema kitu ambacho mpaka leo namheshimu kwa kukisema. Akasema sehemu kubwa ya yaliyojulikana yametoka kwenye damu za watu wa mbali, na damu zetu sisi Waafrika hazikuwemo za kutosha, ndiyo kwanza zinaanza kukusanywa. Na mara nyingine wanaona badiliko kwenye maandishi ya mtu wa huku wasijue kama ni kasoro au ni tofauti tu isiyo na madhara, kwa sababu hawana wenzake wa kulinganisha.

Nikamwambia achukue damu yangu yote kama anataka. Akasema kichupa kimoja kinatosha.

Majibu yalikuja baada ya kusubiri ambako sitakuelezea, aliyewahi kusubiri anajua. Binti yangu alikuwa na ile kasoro. Na mimi nilikuwa nayo. Maandishi yale yale, mahali pale pale. Daktari aliweka karatasi mbili mezani, yake na yangu, akatuonyesha kwa kalamu. Sikuelewa herufi zile, lakini nilielewa kwamba zinafanana.

Maisha yangu yote nimeambiwa hakuna changu kinachopita. Nimejenga nyumba watoto wangu wakaambiwa si ya ukoo. Nimewasomesha, wakaitwa watoto wa watu wengine kwenye kila kikao. Halafu siku moja mtu mwenye koti jeupe ananiambia kipo kimoja kilichopita, bila mashaka, na kimepimwa kwa mashine. Kwa kweli nilitaka kupiga meza. Sikujua nimpigie nani.

Mwanangu alizisogeza zile karatasi pembeni, akanitazama.

"Baba, ungenipa hata pua yako," akasema. "Hii si bora ungebaki nayo mwenyewe?"

Nikacheka. Tulicheka wote wawili mpaka nesi akafungua mlango kuangalia, halafu mwanangu akalia, na mimi nikatazama dirisha la chumba kile, ambalo lilikuwa limechomelewa ovyo.

Daktari akatueleza yaliyobaki. Titi lililobaki liangaliwe kwa karibu. Lakini kilichomtia wasiwasi zaidi kilikuwa tumbo, kwa sababu ya mama yangu. Akasema miaka ya karibuni watafiti wamegundua kwamba saratani nyingi walizodhani zinaanzia kwenye vifuko vya mayai ya mwanamke, kumbe zinaanzia kwenye mirija inayopitisha mayai, kwenye seli chache mwishoni kabisa mwa mrija, na huko zinajificha mpaka tumbo livimbe. Hakuna kipimo cha uhakika cha kuziwahi. Kwa mwanamke mwenye kasoro hii aliyemaliza kuzaa, njia ni kuondoa mirija na vifuko vya mayai kabla.

Akatutajia na dawa. Ipo dawa ya vidonge iliyopatikana kwa kuzisoma seli hizi hizi. Seli iliyokosa fundi wa kwanza huwa inaishi kwa kutegemea njia ya pili ya kujitengeneza. Dawa inaiziba ile njia ya pili, seli mbovu inakufa, nzima inabaki. Nilipoelewa niliipenda dawa ile kama mtu. Nikauliza iko chumba namba ngapi, nikachukue.

"Haipo hapa, mzee."

"Dar?"

"Kwa mtu wa kawaida, haipatikani kirahisi."

Yaani mtu amekaa, amefikiri, amejua seli inapumulia wapi, ameiziba pumzi, na dawa hiyo ipo duniani, inamezwa na watu asubuhi pamoja na chai. Halafu mwanangu anasomewa habari zake. Siku hiyo nilisema maneno mlangoni ambayo siyaandiki hapa kwa sababu wajukuu zangu wanajua kusoma.

Ikabaki operesheni. Shemeji alisikia, akashuka tena, safari hii bila koti la mikutano. Alimkuta binti yangu kwangu, amekaa jikoni anachambua mchicha.

"Mwanangu, saratani haipendi kisu. Ikiguswa inatawanyika. Na mwanamke akitolewa kizazi anabaki nini?"

"Nabaki na watoto watatu, mjomba. Na kizazi hawatoi, wanatoa mirija."

"Ukoo unahitaji watu."

"Basi waniache mimi niwe mmoja wao."

Shemeji akanigeukia mimi kana kwamba nimemfundisha maneno hayo. Sikumfundisha. Ningemfundisha, ningemfundisha makali zaidi.

Alifanyiwa operesheni. Aliamka akiomba chai ya mchaichai, akanyimwa, akakasirika, na mimi nikajua ni mzima. Walichokitoa kilipelekwa maabara kukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Baadaye daktari alituita, akafunga mlango mwenyewe. Akasema mwishoni mwa mrija wa kulia wamekuta seli zimekwisha kugeuka. Chache. Zilikuwa bado zimekaa pale pale zilipoanzia, hazijashuka popote.

"Zingeachwa?" nikauliza.

"Mzee, unajua mama yako alivyokwenda."

Sikukaa kunywa hata maji. Nikamwacha binti yangu kwa mdogo wake pale mjini, nikawasha gari, nikapanda Matombo peke yangu. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nilikuwa nayo mengi, na yote mazuri.

Shemeji alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anakwangua magamba ya mdalasini kwa kisu kidogo. Sikumsalimia. Nikasimama mbele yake nikamwambia. Kwamba zilikuwa zimeanza. Kwamba lile "hakuna" lake lingemuua mtoto wa dada yake, polepole, tumbo likivimba maji, na yeye angekuja mazikoni kwenye koti lake na kula wali. Kwamba nusu ni ya baba, hata apende au asipende, na mashine imesema. Kwamba kama mjomba ni mkubwa hivyo, basi kabla ya kujibu aulize kwanza anachokijua ni nini. Nilisema mpaka sauti ikakauka.

Hakunikatiza. Alimaliza kipande alichoshika, akakiweka juani, akachukua kingine.

"Amelala vizuri?" akauliza.

"Amelala."

"Anakula?"

"Anakula."

"Mungu ashukuriwe." Kisu kikaendelea kidogo. "Hao dada zako waliacha mabinti?"

"Waliacha."

"Wako wapi?"

"Mgeta. Wanalima kabichi na karoti. Mmoja ameolewa juu kabisa kule."

"Mjomba wao ni nani?"

Nikaona anakokwenda. Nikajifanya natazama mdalasini wake.

"Nimekuuliza, shemeji. Mjomba wao ni nani?"

"Mimi."

"Wameshaambiwa?"

Nilikuwa nimehangaika na binti yangu mmoja, na shemeji, na daktari, na dawa isiyokuwepo. Mabinti wa dada zangu, ambao damu hiyo huenda wameipata kwa mama zao, na ambao kwa mila yoyote ile ni wangu kabisa, sikuwa nimewapigia hata simu.

"Bado," nikasema.

"Basi unanipigia kelele mimi nikiwa hapa na mdalasini wangu, na mabinti wako wako Mgeta." Akainuka, akafuta mikono kwenye suruali, akaita ndani wamletee koti. "Kule kuna baridi. Twende."

"Wewe unakwenda kufanya nini? Sio wa kwenu."

"Nakwenda kuongea. Wewe ukiongea unapiga nyundo, watakimbilia msituni. Na mmoja wao mama mkwe wake namjua, ni mkaidi kuliko wewe."

Akapanda mbele, mkongojo katikati ya magoti. Ilibidi tushuke mpaka mjini ndipo tuupande mlima upande wa pili. Nilimwambia akifika kule asithubutu kusema kwamba yeye ndiye aliyegundua. Akasema nikiendesha hivi hatutafika wala kusema lolote. Tuligombana mpaka Mgeta.